Waigizaji wa Kike Niwapendao

Kila mtu ana orodha yake. Wapo wanaopanga wachezaji wa Simba na Yanga kwa ubora, wapo wanaopanga waimbaji wa dansi, na hapa Bunda ninapoishi yupo mzee mmoja anayeweza kukutajia mabasi yote yaliyowahi kupita njia ya Mwanza na Musoma, lipi lilikuwa la kwanza kwa mwendo na lipi la kwanza kwa ustaarabu. Mimi orodha yangu ni ya waigizaji wa kike wa sinema. Nimeiandika na kuifuta kwa miaka mingi katika madaftari ya shule, na sasa nimestaafu ualimu nimeona niiweke hapa, pamoja na jambo moja ambalo orodha hiyo imenilazimisha kulikiri.

Lakini ili msomaji aielewe orodha yangu, sharti kwanza aelewe jinsi sisi watu wa Mara tulivyomjua mwanamke wa kwenye sinema.

Nilizaliwa Butiama mwaka 1956. Nilipokuwa na miaka kama kumi na moja, gari la sinema la serikali lilikuja kijijini. Walitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, wakawasha jenereta, na sisi watoto tukakaa chini mbele kabisa, tukimezwa na vumbi na moshi. Tulionyeshwa kilimo bora cha pamba, tukaonyeshwa usafi wa kisima, kisha tukaonyeshwa kisa kimoja kifupi cha mume na mke. Mle ndani mke alifumbua kinywa na kusema, na maneno yake hatukuyasikia hata moja, kwa sababu aliyekuwa anasema ni bwana wa gari, mwenye kipaza sauti mkononi. Mke akilia, bwana yule anatueleza kuwa analia. Mke akijibu, bwana yule ndiye anayejibu, kwa sauti nzito ya kiume, na watu wanacheka. Nililala usiku ule nikijiuliza sauti ya mama yule ilikuwaje.

Mambo hayo hayakuanza na sisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wao wa sinema kule Vugiri, katika milima ya Usambara, wakitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikatengenezwa filamu za Kiswahili zilizochezwa na Watanganyika wenyewe, na iliyovuma kuliko zote ni Muhogo Mchungu. Nyota wake alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Naam, ni yeye huyo huyo. Januari 1962, Mwalimu Nyerere wa Butiama alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, nafasi ile alimwachia Kawawa. Yaani nchi yetu, ingali changa ya mwezi mmoja na nusu, ilipata waziri mkuu aliyewahi kuwa mcheza sinema, na hakuna aliyeona aibu. Mwalimu mwenyewe aliipenda tamthilia kiasi cha kukaa usiku na Shakespeare: mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, mchezo ambamo mwanamke anavaa joho la kiume ndipo asikilizwe mahakamani.

Nayasema haya makusudi. Mwanamume aliyeigiza aliweza kuwa waziri mkuu. Mwanamke aliyeigiza, katika vijiji vyetu na hata mjini Musoma, alikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa mhuni.

Nilipokwenda Mwanza kusomea ualimu katikati ya miaka ya 1970, niliingia jumba la sinema kwa mara ya kwanza, na humo nikamwona Nargis katika Mother India, filamu ya mwaka 1957. Ninyi mliokulia kwenye simu hamwezi kuelewa. Ukumbi mzima ulikuwa wa watu wasiojua neno la Kihindi: wavuvi, makuli, wanafunzi, akina mama wenye watoto mgongoni. Mama yule alipolivuta jembe la ng'ombe kwa mabega yake mwenyewe, tulinyamaza kama tuko kanisani. Alipompiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuilinda heshima ya kijiji, mzee aliyekaa karibu nami alijifuta macho kwa kofia. Nilinunua picha ya Nargis, nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu, na nilipopangiwa kazi Musoma mwaka 1978 nilihama nayo.

Hapo ndipo inapoingia habari ya mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kike, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ameniomba hivyo, alikuja kukaa nami Musoma mwaka huo huo ili ajifunze cherehani. Tangu utoto alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Akimwiga shangazi anavyodai mahari, hata shangazi mwenyewe alicheka. Akimwiga katekista anavyosahau mahubiri, Mama alimfukuza kwa mwiko huku mabega yakimcheka. Mjini kulikuwa na kikundi cha utamaduni kilichofanya mazoezi jioni, si mbali na Mwigobero, cha ngoma, ngonjera na michezo ya kuigiza. Ilikuwa mapema mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, na mchezo waliokuwa wanauandaa ulihusu mama ambaye wanawe wawili wamekwenda vitani. Mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na minane, alipewa nafasi ya mama huyo.

Aliniambia mimi peke yangu. Nikaenda kuangalia. Nilisimama nyuma, karibu na nyavu zilizoanikwa, nikamwona dada yangu akikunja kanga ya mwanawe aliye vitani, anaikunjua, anaikunja tena. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama kuna aliyesikia redio. Wanawake waliokuwa wanauza dagaa waliacha kuuza. Ndugu msomaji, nimetazama filamu kwa zaidi ya miaka hamsini, na nimeona vitu vichache vilivyofanana na kile.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Butiama nikamwambia Baba.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilijiambia kuwa ni wajibu wa kaka. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwalimu mgeni mjini, na niliogopa walimu wenzangu wangesema nini wakisikia dada wa mwalimu anapanda jukwaani. Baba alikuja Jumatatu. Hakupiga kelele. Alimwambia afungashe. Mchezo ulichezwa bila yeye, na mwaka uliofuata akaolewa. Picha ya Nargis ilibaki ukutani kwangu miaka mingine sita.

Basi, sasa tuije orodha yenyewe.

Zilipoingia video katika miaka ya 1980, vibanda vikafunguliwa kila mahali, hata katika senta ndogo za barabarani kama Kiabakari. Televisheni ya Tanzania Bara ilikuja mwaka 1994 tu, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Katika vibanda hivyo akazaliwa yule bwana wa kipaza sauti kwa mara ya pili: mtafsiri wa video. Aliyevuma kuliko wote nchini alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam. Walikuwa mafundi hasa, siwadharau hata kidogo. Lakini angalieni historia inavyojirudia: mwanamke wa Kinigeria analia pale kwenye kioo, na mwanamume wa Kitanzania anatusimulia kilio chake. Mpaka mwanzo wa karne hii, mimi mpenzi wa sinema nilikuwa sijasikia mwanamke wa kwenye filamu akinisemesha kwa lugha yangu zaidi ya mara mbili au tatu. Kwa hiyo kipimo changu si uzuri wa sura wala mavazi. Kipimo changu ni sauti.

Nafasi ya tano nampa Blandina Chagula, anayejulikana kama Johari. Alitoka katika kundi la Kaole, lililotufanya tukimbilie televisheni ya jirani, kisha akaingia katika filamu za video pamoja na Vincent Kigosi, yaani Ray, na marehemu Steven Kanumba aliyefariki Aprili 2012. Filamu iitwayo Johari ilimgandisha jina hilo hadi leo. Johari hana haraka ya kusema. Anaweza kukaa kimya mpaka mwanamume aliye mbele yake ajisaliti mwenyewe. Nimempa ya tano kwa sababu hadithi nyingi za filamu zile zilimrudisha katika kisa kile kile cha mapenzi na fitina, naye alistahili zaidi.

Nafasi ya nne ni ya Yvonne Cherrie, Monalisa. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na marehemu George Tyson, ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungua mlango wa filamu za vijana wa mjini. Ninachompendea ni kwamba Kiswahili chake ni cha mtu anayeongea na mwenzake, si cha mtu anayesoma risala. Pia ninampendea mama yake, Susan Lewis, yaani Natasha, mwigizaji kama yeye. Fikirini jambo hilo: mama na binti, wote waigizaji, na nyumba haikuanguka. Laiti Baba angaliishi kuliona.

Nafasi ya tatu ni ya Ikhlas Gafur Vora, aliyecheza Yasmin katika Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin ni msichana wa Zanzibar ya miaka ya 1950, mwenye asili ya Kihindi, aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa kuliko yeye, akatoroka. Pembeni yake yupo Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, katika nafasi ya Mwajuma, rafiki anayempokea. Sisi Mara tunajua maana ya msichana kutoroka nyumbani. Kila msimu wa ukeketaji wapo wanaokimbia usiku kwenda kwenye nyumba salama, na mwaka 2018 ilitoka filamu ya hali halisi, In the Name of Your Daughter, iliyoonyesha wasichana hao wa mkoa wetu na Rhobi Samwelly, mama anayewapokea. Hao si waigizaji na siwezi kuwaweka katika orodha, lakini niliposikia wasichana wa kwetu wakijieleza kwa midomo yao wenyewe nilimkumbuka yule bwana wa gari la sinema. Yasmin naye, akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, anatembea kama mtu anayejifunza uzito wa miguu yake. Hilo haliwezi kufundishwa kwa siku moja.

Nafasi ya pili ni ya Lupita Nyong'o. Machi 2014 alipopata Oscar kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, rafiki zangu Wajaluo wa Rorya walisherehekea kana kwamba mpaka wa Sirari haupo. Alizaliwa Mexico, akakulia Kenya, na mababu zake walikunywa maji ya ziwa hili hili tunalokunywa sisi. Lakini mimi sikumpenda kwa Patsey, maana filamu ile sikuweza kuitazama hadi mwisho. Nilimpenda katika Queen of Katwe ya mwaka 2016, anapocheza Nakku Harriet, mjane wa Kampala anayeuza mahindi, mama wa yule binti bingwa wa sataranji. Anavyobeba beseni, anavyokataa huruma ya wanaume, anavyomkaripia mtoto huku macho yakimwogopea: huyo ni mama yeyote utakayemkuta sokoni Nyasho saa kumi na mbili asubuhi.

Nafasi ya kwanza, na hapo sijabadili kwa zaidi ya miaka ishirini, ni ya Amandina Lihamba. Wengi wanamjua kama profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini aliigiza katika Harusi ya Mariamu ya mwaka 1985, na mwaka 2001 akacheza Samehe katika Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Samehe ni mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye kwa miaka ishirini hajasema neno, na daktari mgeni kutoka Marekani anajaribu kumfikia. Kumchezea mtu asiyesema, na bado kila anayetazama akajua anachokataa kukisema, ni kazi kubwa kuliko kulia. Nilipoitazama niliwaza kuwa sanaa ya mwanamke wa Kitanzania imefika kileleni.

Hiyo ndiyo orodha yangu. Nilipoimaliza kuiandika vizuri, nilikwenda nayo Musoma kwa mdogo wangu. Ana cherehani yake, ana wajukuu, na jioni hutazama filamu katika simu ya mjukuu, miwani puani. Anazijua kuliko mimi. Nilimsomea yote, isipokuwa zile aya zinazomhusu yeye.

Alisikiliza akikata uzi kwa meno. Nilipomaliza alisema, “Kaka, wa kwanza wako ni mwanamke asiyesema.”

Nikamweleza kuwa katika filamu ile ukimya ndio hadithi yenyewe.

“Nimekuelewa. Na kuigiza kwake sikukatai, yule mama ni bingwa. Nasema tu, mwalimu mzima, umetuambia kipimo chako ni sauti, halafu umemtafuta bubu ukamweka juu.”

Nikamuuliza yeye angemweka nani. Hakusita. “Johari.”

“Kwa lipi?”

“Kwa sababu ile kampuni, RJ, R ni ya Ray na J ni ya Johari. Herufi yake ilikuwa mlangoni. Ukiwa na herufi yako mlangoni, nani atakuja kukuambia ufungashe?”

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimemweka Johari wa tano kwa kosa la hadithi alizochezeshwa. Yeye alimweka wa kwanza kwa kuwa na mkono katika kazi iliyotengeneza hadithi hizo. Tangu gari la sinema hadi vibanda vya video, nilikuwa nimehesabu nani anasikika. Sikuwahi kuhesabu nani anamiliki kipaza sauti. Kwa kipimo chake hata orodha ya leo inabadilika, maana Binti, filamu ya mwaka 2021 iliyofika Netflix mwaka uliofuata, haikuchezwa na wanawake tu. Iliongozwa na mwanamke, Seko Shamte, na waliotoa fedha na jasho la kuitengeneza walikuwa wanawake pia.

Ndipo nikamsomea zile aya nilizoziruka. Nilipofika kwenye Jumamosi ile ya safari ya Butiama, sauti ilinikwama, nikalazimika kuanza upya. Miaka yote hiyo nilijua alimshuku jirani mmoja, mama aliyekuwa na mdomo, ambaye sasa ni marehemu. Hawakusalimiana kwa miaka.

“Nilijua ni wewe,” alisema. “Siku ya mazoezi nilikwambia wewe tu.”

“Mbona ulimnunia yule mama?”

“Ningekununia wewe ningelala wapi, nikija mjini?”

Sikuwa na jibu, na sidhani kama alilingoja. Aliniuliza kama bado ninakumbuka alivyofanya ile kanga. Nikasema ninakumbuka. Akachukua kitambaa cha mteja kilichokuwa mezani, akakikunja polepole, akakikunjua, akakikunja tena, kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, kama kuna aliyesikia redio. Mjukuu wake aliinua macho kutoka kwenye simu. Bibi yake alikuwa na miaka sitini na kitu, na mtoto yule hakuwa amewahi kumwona.

“Bibi, hiyo ni ya nani?” aliuliza.

“Ni yangu,” alisema mdogo wangu, akarudisha kitambaa mezani, akaendelea kushona.

Orodha yangu nimeiacha ilivyo, kwa kuwa mtu asidanganye kuhusu alichokipenda. Lakini orodha ya mdogo wangu naiandika hapa chini yake, kama alivyonitajia jioni ile: Johari, Monalisa, Lupita, Lihamba, na yule binti wa Vuta N'kuvute. Nargis, anasema, tumwache Wahindi wamtunze, maana sisi tulishamtunza vya kutosha.